Tawi Halijui Mkwe

Tawi halijui mkwe. Mmelisikia neno hilo leo, mahakama ya mwanzo ilipomtia hatiani yule kijana aliyeruka uzio wa shamba la ng'ombe wa maziwa lililowekwa karantini, na tangu mtoke huko mnanung'unika tu. Mnasema hakuiba hata kikombe cha maziwa. Mnasema mwenye shamba ni shemeji yake, na alikwenda kumjulia hali. Mnasema karantini ni ya ng'ombe, si ya watu. Haya. Na yule bibi aliyekaa benchi la mbele alipotikisa kichwa na kusema "tawi halijui mkwe", mkaangua kicheko, mkadhani uzee umemzidi. Haujamzidi. Wekeni simu chini, mjue neno hilo limetoka wapi na ni nani aliyelitolea jasho.

Methali hii ilianza hivi. Huko Ugogo, kabla ya barabara na kabla ya chanjo za mifugo, kulikuwa na kijiji kikiitwa Chilanga. Kilizungukwa na vilima vya mawe kila upande, na njia ya kupitisha ng'ombe ilikuwa moja tu, upenyo mwembamba kati ya majabali mawili. Watu wa Chilanga walizoea kuulaani upenyo ule, kwa sababu ng'ombe walisongamana hapo kila jioni wakirudi malishoni. Mwaka wa sotoka waliacha kuulaani.

Sotoka hamkuiona, na mshukuruni Mungu. Ng'ombe aliyepatwa alianza kutoa machozi kama mtu aliyefiwa. Kisha mate yakamtiririka, mdomo ukajaa vidonda, akaharisha, akalala, asiinuke tena. Zizi lililojaa mwezi uliopita lilibaki na nzi na harufu. Watu ambao hawakuwahi kukosa maziwa walichimba mizizi porini, na wenye watoto wachanga walitembea wakiomba.

Kulikuwa na jambo moja lililoikuza balaa ile, nalo lilikuwa busara ya wazee wenyewe. Katika nchi ile mtu mwenye akili hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa mjomba, wengine kwa shemeji, wengine kwa mkwe wake, ili wakija wezi au ukame, wasimalize kila kitu. Desturi hiyo iliokoa vizazi na vizazi. Sasa sotoka ilipoingia, watu walifanya kama walivyofundishwa: walipoona ng'ombe wa kwanza wanakufa, waliwaswaga wale waliobaki wazima hadi kwa jamaa zao. Jamaa wakawapokea kwa huruma, na ugonjwa wakaupokea pamoja nao.

Mzee Mazoya, mkubwa wa baraza la Chilanga, ndiye aliyeligundua hilo. Alikusanya watu akawaambia, "Sotoka haina miguu. Miguu ni yetu sisi." Baraza likakata tawi bichi la mnyaa, likalilaza kukingama upenyo kutoka jabali hadi jabali, usawa wa goti, na likaweka sheria. Asiye wa Chilanga asilivuke tawi lile, awe na mfugo au mikono mitupu. Aliyetoka nje na kugusa ng'ombe wa nje asilivuke mpaka ziishe siku za kungoja zilizowekwa na baraza, hata kama mke na watoto wake wamo ndani. Atakayevuka atahesabiwa kuwa mwizi wa ng'ombe wote wa Chilanga, ingawa hakuchukua hata mkia. Na mlinzi atakayemruhusu mtu kuvuka, zizi lake litachinjwa lote siku hiyo hiyo.

Mtu mmoja aliuliza, "Na huyo anayekuja kwa nia njema, mzee?"

Mazoya akamjibu, "Nia haionekani kwenye kwato."

Mlinzi wa mchana walimchagua Ndahani. Hakuwa shujaa huyu Ndahani, msidhani. Alikuwa mtu wa kawaida, mpole, mwenye aibu, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba alishindwa kusema uongo bila kukohoa. Ng'ombe wake hawakuwa wengi, na wote walikuwa uzao wa ng'ombe mmoja aliyepewa na baba mkwe wake. Alipotaka kumwoa Sechelela hakuwa na mahari ya maana, kwa kuwa baba yake alikufa maskini. Wazee wengine wangemfukuza. Lakini Chitema, baba yake Sechelela, mtu tajiri wa kijiji cha Ng'humbi, alimtazama akampenda. Akampa binti, na juu ya binti akampa ng'ombe mwenye mimba. "Anzia hapo," alimwambia. Ndahani hakuisahau siku ile maishani mwake.

Basi asubuhi moja, jua likianza kuchoma, Ndahani aliona mzee akija polepole kutoka bondeni, akimswaga mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kifuani. Kwanza hakumtambua, maana alikuwa amekonda na nguo yake imejaa vumbi. Kisha akaitambua ile namna yake ya kutembea, bega moja likitangulia. Alikuwa Chitema.

Sasa lazima mwelewe heshima ya ukwe ilivyokuwa nchi ile. Mwanamume hakumtazama baba mkwe wake usoni. Hakumtaja jina. Hakusema naye ana kwa ana, ila kwa kupitia mtu wa tatu. Na wakikutana njiani, mkwe mdogo alitoka njiani, akasimama majanini, akageuza uso, mpaka mkubwa apite. Kumzuia njia baba mkwe lilikuwa tusi zito, na kwa tusi la namna hiyo mzee aliweza kumchukua binti yake, na ndoa ikafa palepale.

Ndahani alikuwa amekwisha kutoka njiani kabla hajafikiri. Miguu yenyewe ilimtoa. Akasimama kando ya jabali, kichwa chini, uso ukiangalia mawe, kama alivyofundishwa tangu ujana wake.

Chitema alimwona. Aliendelea kuja, akafika kwenye tawi, akapitisha fimbo yake chini yake aliinue.

Ndahani akausikia mnyaa ukikwaruza jabali, akaogopa. Aliona zizi lake likichinjwa. Aliona mazizi yote ya Chilanga yakinuka, na watoto wakilia njaa. Kisha akamwona Sechelela akifunga vitu vyake na kurudi kwao, na hofu hiyo ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Alitaka kupiga kelele, lakini kumpigia kelele mkwe hakuweza. Kumshika mkono hakuweza. Hata kumtazama hakuweza.

Akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha. Alijifunika mgolole wake kichwa na uso, akatambaa hadi njiani, akalala chali chini ya lile tawi, kukingama njia yote.

Mtu hamruki mtu, hilo mnalijua. Hata leo mama akimwona mtoto anamruka mwenzake aliyelala, humrudisha amruke tena kinyume. Sasa fikirini mzee wa heshima amruke mume wa binti yake. Chitema akaishusha fimbo. Tawi likarudi mahali pake.

Mwisho mzee akamgeukia yule mtamba, maana hapakuwa na mtu wa tatu wa kusema naye.

"Ewe mtamba," alisema, "muulize huyu aliyelala kama amekufa, tumzike tupite."

Ndahani akajibu chini ya nguo, "Ewe tawi, mwambie baba niko hai, na ninamwamkia."

"Mtamba, mwambie sikuja kuamkiwa. Zizi langu lilikuwa likijaza bonde. Wote wamekwenda. Amebaki huyu mmoja, naye ni mzima, kanywa maji na majani anakula. Namleta kwa mtoto wangu anitunzie, kama watu wote wanavyofanya."

"Tawi, mwambie baba pole. Mwambie pole hii inatoka ndani kabisa. Lakini mtamba hapiti."

Chitema aliikaza fimbo mkononi. Alikuwa mtu aliyezoea kutoa, hakuwa mtu wa kuomba, na sasa alikuwa akiomba mbele ya nguo iliyotandazwa njiani.

"Mtamba, muulize, hao ng'ombe alio nao wametoka kwa nani?"

"Tawi, mwambie wametoka kwa baba. Wote."

"Muulize mke aliye naye katoka kwa nani."

Ndahani aliushika mgolole kwa mikono miwili.

"Basi mwambie hivi," Chitema alisema, na sauti yake ikawa kali. "Leo nikirudi na mtamba huyu, kesho natuma wazee kumchukua binti yangu. Nyumba iliyonifungia njia si nyumba ya kulala damu yangu. Amesikia?"

Alikuwa amesikia. Alikuwa akilia, na mgolole ulificha machozi yake lakini haukuficha kifua kilivyokuwa kikipanda na kushuka. Alimpenda Sechelela. Alimpenda hata huyu mzee aliyekuwa akimkanyaga moyo.

"Tawi, mwambie baba mimi namjua. Wema wake naujua, na ng'ombe aliyenipa nalijua hata jina lake. Ningekuwa mimi ndiye mlango, ningefunguka yeye akiwa bado bondeni. Lakini mlango ni wewe, tawi. Nawe hukupewa mke wala ng'ombe. Tawi halijui mkwe."

Hapo Chitema aliinua mguu.

Ndahani aliusikia ukiinuka. Kiatu cha ngozi kiliacha mawe, punje za mchanga zikamwangukia mkononi, na kivuli cha mzee kikamfunika. Akafumba macho ndani ya nguo, akangoja. Akivuka kwa miguu yake, alifikiri, basi tena, yote yamekwisha: ndoa, heshima na ng'ombe. Mguu ulikaa hewani muda ambao Ndahani hakuweza kuupima. Kisha ukarudi chini, upande ule ule wa nje.

Ndipo mtamba, ambaye alikuwa amechoka kutumwa maneno, aliinamisha kichwa chini ya tawi, akamnusa Ndahani, akaanza kumlamba. Alimlamba bega, akamlamba shavu juu ya nguo. Mate yalikuwa ya moto, tena mengi, yakalowanisha mgolole hadi ngozini.

Mate mengi mno. Ndahani alilijua hilo. Chitema naye alimvuta mtamba nyuma kwa pembe, akamwangalia machoni, halafu akachukua ncha ya nguo yake akamfuta jicho taratibu. Hakusema tena habari ya binti.

Wakati huo Sechelela alikuwa akija kutoka kijijini na kibuyu cha maziwa na ugali wa uwele. Alimkuta mumewe ameinuka, ameketi, mgolole umelowa. Ng'ambo ya tawi akamwona baba yake ameegemea jabali, mkono juu ya mgongo wa mtamba, amezeeka kuliko alivyomwacha.

"Baba!" aliita, akakimbia.

"Simama hapo!" Ndahani alimkemea, na hakuwahi kumkemea tangu waoane. Kisha akalivuka tawi, akasimama upande wa nje.

Sechelela hakuelewa. "Unakwenda wapi? Njoo ule."

"Mtamba amenilamba. Ni mgonjwa."

"Amekulamba nguo. Ivue uitupe, njoo."

"Weka chakula juu ya jabali, mama, urudi nyuma ndipo nikichukue. Kamwambie mzee Mazoya alete mlinzi mwingine."

"Lakini mlinzi ni wewe!" Sechelela alilia sasa. "Nani atakayekushitaki? Hakuna anayejua, ila mimi na baba."

Ndahani alikohoa, kama alivyokohoa kila alipofikiria kusema uongo. "Kama halikumjua mkwe," alisema, "litanijuaje mimi?"

Basi wanaume wawili wasioruhusiwa kutazamana wakakaa nje ya Chilanga, chini ya jabali moja lenye pango dogo. Waliketi wakipeana migongo. Mmoja akitaka moto, alimwambia mtamba. Mwingine akitaka kibuyu, alimwambia mtamba. Sechelela alileta chakula kila siku, akakiweka juu ya jiwe, akasimama mbali akawatazama wakila, kila mmoja ameangalia kwake. Naamini alicheka pia, mara moja moja. Mtu hawezi kulia tu.

Mtamba alilia machozi, akatoa vidonda, akalala. Chitema aliketi karibu na kichwa chake, akamfukuza nzi kwa jani, akimwita kwa majina ya ng'ombe wote waliokufa kabla yake. Alfajiri moja hakupumua tena.

Ndahani alichimba shimo refu, maana sheria ilitaka mzoga usiguswe na fisi. Lakini ng'ombe si mbuzi. Alimvuta kwa miguu ya nyuma akashindwa, akavuta tena akashindwa. Na sasa hapakuwa na mtamba wa kupitishia maneno. Chitema alisimama akamtazama kijana yule akihangaika, akakohoa, akageuza uso, akaurudisha.

"Ndahani," alisema. "Wewe shika huko. Mimi nashika huku."

Ndahani aliganda. Halafu akashika, wakavuta pamoja, uso kwa uso. Walimfukia. Tangu hapo hawakupeana migongo tena.

Siku za kungoja hazikuwa zimeisha bado, mgolole ulikuwa umechomwa moto na Ndahani alikuwa akivaa ngozi ya mbuzi kama mchungaji wa kale, vumbi lilipoonekana bondeni. Ng'ombe kadhaa walikuwa wakija, na nyuma yao mtu mnene akipiga mluzi. Chitema akakinga macho kwa kiganja. Aliyekuja alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, ambaye mtoto wake wa kiume alikuwa ameoa hapo hapo Chilanga.

"Kaka!" mdogo wake aliita kwa furaha. "Kumbe wewe ndiye bawabu! Basi mambo yangu yamenyooka. Wapitishe hawa, bado wazima kabisa, nimewatenga mapema."

Ndahani aliinuka. Mlinzi mpya upande wa ndani wa tawi naye aliinuka na kushika rungu. Lakini Chitema aliwapungia mkono wakae. Alishuka njiani, akatembea hadi kwenye tawi, magoti yakimlia. Akavua nguo yake ya begani, akajifunika kichwa, na yule mzee aliyewahi kujaza bonde kwa ng'ombe akalala mavumbini, kukingama njia.

"Kaka, inuka!" mdogo wake alisema kwa aibu. "Umelala njiani kama mlevi, kwa ajili ya ng'ombe wa watu! Wewe una binti mle ndani. Nani atakukatalia?"

"Hayo ndiyo niliyoyasema mimi," Chitema alijibu chini ya nguo. "Nami nilikuja na wa mwisho. Amelala pale, chini ya udongo mwekundu. Asubuhi ile tulipotoka nyumbani niliona jicho lake lina maji, ndugu yangu. Nililiona. Nikajiambia ni vumbi, kwa sababu nilijua mlinzi ni mkwe wangu."

Ndahani alisikia, akainamisha kichwa. Sechelela, aliyesimama ng'ambo na chakula mkononi, alisikia pia.

Mdogo wake Chitema alibaki amesimama, akiwatazama ng'ombe wake mmoja mmoja machoni, kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. Alipofika kwa wa mwisho alilifuta jicho lake kwa kidole. Aliwageuza akawarudisha bondeni kimyakimya, na mzee aliyelala njiani, ambaye hakuinuka mpaka vumbi lilipotua, akasema tena kwa sauti ambayo Chilanga yote iliyokuwa imekusanyika upande wa pili iliisikia:

"Nenda salama, mwana wa mama. Tawi halijui mkwe."